Maji ya Mtihani

Mtahini alishuka bodaboda pale Kigwe,
viatu vyake vyeusi vimeshageuka udongo,
akayatazama mabomba yetu yalivyopanda ukuta wa karakana,
yakakata kona, yakashuka,
akauliza swali moja tu:
"Maji yako wapi?"

Tukatazamana.
Tulikuwa saba, kidato cha nne, darasa la bomba.
Tangu alfajiri tumekata, tumechonga hesi,
tumezungusha tepu nyeupe kwenye kila elbo
kama mtu anayefunga kidole cha mtoto.
Lakini mashine ya kisima ilizimika Jumanne,
na leo Ijumaa,
na karatasi ya mtihani inasema wazi:
kiungo hupimwa kwa maji, hakipimwi kwa maneno.

Basi tukachukua ndoo.
Korongo liko nyuma ya reli.
Chilewa alifukua kwa bakuli la uji,
mchanga mkavu, mchanga baridi, mchanga wenye jasho,
hadi maji yakaja yenyewe, taratibu,
yana rangi ya chai ya hosteli.
Safari nne.
Ovaroli zetu zikalowa kabla bomba halijalowa.

Mwalimu Mbeleje akapanda meza iliyopanda juu ya meza,
akamimina ndani ya pipa, akanung'unika:
"Mkinivunja mguu, nani atawasainia?"

Mtahini akakunja gazeti,
akalipitisha chini ya kila kiungo, polepole,
kama anayetafuta homa kwenye paji la uso.
Kavu.
Kavu.
Kwenye elbo yangu ya tatu
herufi moja ya gazeti ikavimba.

Sikulia, ingawa Chilewa husimulia kwamba nililia.
Nilisema, "Naomba spana."
Robo duara, si zaidi; ukizidisha unapasua.
Akapitisha gazeti upya. Akaandika kitu,
akafunika kalamu, asiseme neno.
Maji yaliyobaki mpishi aliyadai,
yakapikia maharage.

Cheti kilifika Septemba. Mahafali bado,
mtihani wa taifa bado,
logarithimu zingali zinanikimbiza.
Baba mdogo Ndahani akacheka:
"Umemaliza shule kabla hujamaliza shule?"
Mama, ambaye herufi hazijui,
aliupapasa muhuri kwa kidole gumba,
akakiviringisha cheti, akakitia
ndani ya kibuyu cha mbegu za uwele.
Panya hawajawahi kukiweza kibuyu kile.

Halafu tangi la mama ntilie wa stesheni likaanza kuvuja.
"Una miaka mingapi?"
Kumi na saba.
"Nani kakufundisha?"
Shule.
"Shule ipi hiyo inayofundisha kazi?"
Nikakimbia nyumbani, nikarudi na kibuyu kizima.
Alipuliza punje za uwele, akakisoma cheti mara mbili,
akatamka jina langu kwa sauti, Nyemo Chilongani,
kama anayeita mtu aliye mbali,
kisha akanipisha njia ya bafuni.

Elfu saba.
Tatu nikanunua daftari la grafu na betri za tochi,
mbili dagaa na chumvi,
mbili zimelala na mbegu.

Usiku treni ya mizigo ikipita, meza hutikisika
na jibu langu la hisabati hupinda mkia.
Nyumba yetu haina bomba.
Haijawahi kuwa nalo.
Lakini nyuma ya daftari nimelichora, kwa penseli:
linatoka barabarani, linakwepa zizi la mbuzi,
linakata kona moja mlangoni kwa mama,
na pale konani nimeandika kwa herufi ndogo,
hapa, robo duara.